Je, siku za maadhimisho ya afya zinabadilisha afya ya watu, au zinabadilisha vichwa vya habari tu?

#1 Mizani (mleta mada)

Wanajamvi, salaam. Naleta mada hii kwa nia ya kupata hoja na ushahidi. Kuanzia Januari hadi Desemba kalenda ya afya imejaa: kifua kikuu tarehe 24 Machi, Siku ya Afya Duniani tarehe 7 Aprili, malaria tarehe 25 Aprili, tumbaku tarehe 31 Mei, uchangiaji damu tarehe 14 Juni, homa ya ini tarehe 28 Julai, kisukari tarehe 14 Novemba, Ukimwi tarehe 1 Desemba, na hapo sijagusa figo, macho, selimundu wala afya ya akili. Kila siku ina kaulimbiu yake, mgeni rasmi wake na fulana zake.

Dai langu ni hili: sehemu kubwa ya maadhimisho hayo huwapelekea watu taarifa ambazo tayari wanazo. Mvutaji anajua kwamba sigara inaua. Imeandikwa kwenye pakiti anayoishika kila siku. Kinachomzuia kuacha ni uraibu na kukosa mtu wa kumsaidia kuacha, na hotuba ya tarehe 31 Mei haimpatii msaada huo. Mwaka 2015 Jonathan Purtle na Leah Roman walichapisha makala katika American Journal of Public Health wakiuliza iwapo upo ushahidi unaotosha kuhalalisha wingi wa siku hizi. Kalenda ya Marekani pekee ilikuwa na karibu siku, wiki na miezi 200 ya namna hiyo, lakini tafiti walizozipata zilizopima matokeo zilikuwa chache mno. Basi naomba mnijibu: ni siku gani iliyopunguza ugonjwa au vifo, na ilifanya hivyo kwa njia gani?

#2 Kalamu Nyoofu

Mkuu Mizani, asante kwa uzi. Nimefanya kazi ya uandishi wa habari kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaanza na asili ya siku ninayoifahamu vizuri. Siku ya Ukimwi Duniani ilibuniwa mwaka 1987 na James Bunn na Thomas Netter, maofisa habari wawili wa Shirika la Afya Duniani mjini Geneva, na Jonathan Mann, aliyekuwa akiongoza programu ya Ukimwi ya shirika hilo, akaliridhia wazo lao. Iliadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Desemba 1988. Bunn alikuwa amewahi kuwa mwandishi wa habari wa televisheni, na hesabu yake ilikuwa ya kihabari: uchaguzi wa Marekani wa mwaka huo ungekuwa umekwisha, Krismasi ingekuwa bado, na vyombo vya habari vingekuwa na nafasi.

Naeleza haya kwa sababu mleta mada anaipima siku kana kwamba ni dawa. Siku ile ilibuniwa ili kupata nafasi kwenye habari, wakati ambapo serikali nyingi hazikutaka hata kuutaja ugonjwa huo hadharani. Katika chumba cha habari, swali la kwanza ambalo mhariri humuuliza mwandishi wa afya ni kwa nini habari yake itoke leo na isingoje wiki ijayo. Ugonjwa unaoua watu mwezi baada ya mwezi, bila mlipuko wala mshtuko, hauna jibu la swali hilo. Siku ya maadhimisho humpa mwandishi jibu, na habari ambayo ingelala kwenye droo hupata ukurasa.

#3 Hoja Nzito

Kalamu Nyoofu, ukurasa wa gazeti ni njia, na njia hupimwa kwa mahali inapomfikisha msafiri. Nani alikwenda kupima kwa sababu ya ukurasa huo, na aliyekutwa na tatizo alipelekwa wapi? Bila majibu ya maswali hayo mawili, naona mleta mada yuko sahihi.

#4 Muuguzi Mstaafu

Habari zenu, wanangu. Nimesimama kwenye mabanda ya upimaji mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na ningependa tuangalie kinachotokea ndani ya banda lenyewe, kwa sababu mjadala huu mara nyingi huendeshwa na watu ambao waliishia jukwaani.

Chukueni shinikizo la damu. Ili kipimo kiaminike, mtu anapaswa kuketi ametulia kwa dakika 5, mgongo umeegemea kiti, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, na hapaswi kuzungumza wakati mashine inafanya kazi. Mkanda unaofungwa mkononi ulingane na unene wa mkono wake, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha namba kubwa kuliko ilivyo. Kisha kipimo kirudiwe. Sasa fikirieni siku ya kilele cha maadhimisho. Mtu ametembea kwa haraka, amepanga foleni juani, spika zinanguruma, anafika mezani anahema, anafungwa mkanda juu ya shati kwa sababu nyuma yake kuna umati, na huku anamjibu jirani yake anayemuuliza kitu. Mashine inasoma 158 kwa 96. Anaandikiwa namba hiyo kwenye karatasi na kuambiwa, "Presha iko juu, nenda hospitali." Anaondoka na hofu, na hajui aende hospitali gani, siku gani, wala amwone nani.

Hata hivyo siungi mkono kuziondoa siku hizi. Katika foleni hiyo hiyo nimekutana na wanaume wazima ambao hawakuwahi kupimwa tangu walipokuwa watoto. Siku ya kawaida hawaji kliniki, kwa sababu kuja kliniki ni kukiri kwamba unaumwa. Siku ya maadhimisho wanakuja kwa kuwa kila mtu anapima. Kwa hiyo banda linawafikia watu ambao kituo hakiwafikii, kisha linawapoteza kwa sababu ya kazi iliyofanywa kwa haraka.

#5 Msomaji Makini

Naongeza kumbukumbu kidogo ili uzi usimame kwenye tarehe sahihi. Siku ya Afya Duniani inaadhimisha kuanza kutumika kwa katiba ya Shirika la Afya Duniani tarehe 7 Aprili 1948, lakini maadhimisho ya kwanza kabisa yalifanyika tarehe 22 Julai 1949, na ni kuanzia mwaka 1950 ndipo tarehe 7 Aprili ilipoanza kutumika. Siku ya tumbaku nayo ilianzia tarehe 7 Aprili 1988, kisha ikahamishiwa tarehe 31 Mei. Tarehe hizi zimepangwa na watu, na zimebadilishwa kila walipoona inafaa, kwa hiyo hakuna kinachotuzuia kubadilisha pia namna ya kuziadhimisha.

#6 Mwana wa Pili

Mama Muuguzi, umeeleza yaliyompata mama yangu mzazi, isipokuwa kwake ilikuwa sukari. Alitobolewa kidole kwenye maadhimisho ya kisukari, akaambiwa sukari iko juu mno, akapewa kikaratasi. Alipokwenda kwenye kituo alichoelekezwa, mhudumu wa mapokezi alimwambia kwamba kikaratasi hicho hakitambuliki na aanze upya kwa kufungua faili kama mgonjwa mwingine yeyote. Akarudi nyumbani. Ilikaa karibu mwaka mzima hadi alipoanza kupata ganzi ya miguu, na hapo ndipo sisi watoto tulipojua kwamba aliwahi kupimwa. Kile kikaratasi tulikikuta kimekunjwa ndani ya kitabu chake cha dua.

Sisemi kwamba siku ile ilimdhuru. Nasema kwamba ilimpa habari mbaya na haikumpa mahali pa kuipeleka. Leo anatumia dawa na anaendelea vizuri, lakini mwaka ule hauwezi kurudishwa.

#7 Mpenda Takwimu

Pole sana, Mwana wa Pili, na Mungu amzidishie mama afya.

Kwa mleta mada: tatizo la ushahidi ni halisi, ila tuangalie linatoka wapi. Maadhimisho hufanyika siku moja, kila mahali kwa wakati mmoja, kwa hiyo ni vigumu kupata kundi la kulinganisha ambalo halikuguswa. Watathmini wengi huishia kuhesabu kilicho rahisi kuhesabiwa, yaani mabango yaliyochapishwa, watu waliohudhuria na mara ambazo ujumbe ulisambazwa mitandaoni. Mabadiliko ya tabia hayaonekani kwenye hesabu hizo.

Zipo tathmini zilizopiga hatua zaidi. Nchini Marekani kuna siku ya kuacha sigara inayoandaliwa na American Cancer Society kila Alhamisi ya tatu ya Novemba, na watafiti walipoifuatilia kwa miaka kadhaa waliona kwamba siku hiyo habari za kuacha sigara huongezeka, watu wanaotafuta taarifa hizo intaneti huongezeka, na simu zinazopigwa kwenye namba za ushauri wa kuacha sigara huongezeka pia. Mtu anayepiga simu ameshavuka hatua ya kujua na ameanza kutenda. Kwenye shinikizo la damu, kampeni ya upimaji ya mwezi Mei iliyoanza mwaka 2017 ilipima katika mwaka wake wa kwanza watu zaidi ya milioni 1.2 katika nchi 80, na karibu asilimia 35 kati yao walikutwa na shinikizo la juu. Taratibu zao ziliagiza kila mtu apimwe mara 3 akiwa ameketi, jambo ambalo Mama Muuguzi atalifurahia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kulaza watoto wachanga chali. Uingereza ilianzisha kampeni hiyo mwaka 1991, na katika miaka michache vifo vya ghafla vya watoto wachanga vilipungua kwa zaidi ya nusu. Taarifa peke yake iliokoa maisha.

#8 Hoja Nzito

Mpenda Takwimu, mfano wako wa mwisho ni mzuri, lakini haikuwa siku. Ilikuwa kampeni iliyodumu, yenye ujumbe wa tendo moja lisilo na gharama, ambalo mzazi angeweza kulifanya usiku huo huo. Anayeambiwa "zingatia afya ya moyo wako" hana tendo mkononi. Tusizipe siku sifa ambazo si zake.

#9 Dada wa Chanjo

Kama tunatafuta siku zilizopunguza ugonjwa, jibu lipo kwenye chanjo, na nashangaa hakuna aliyeligusa. Brazil ilianza siku za kitaifa za chanjo ya polio mwaka 1980, ikichanja mamilioni ya watoto kwa siku moja, na mgonjwa wake wa mwisho wa polio alipatikana mwaka 1989. India ilianza siku zake mwaka 1995, na mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya virusi vya asili alipatikana Januari 2011. Nchini El Salvador, mwaka 1985, serikali na waasi walikubali kusitisha mapigano kwa siku maalumu ili watoto wa pande zote wachanjwe. Hebu fikirieni: watu waliokuwa wakiuana walikubaliana juu ya tarehe. Ombi la kawaida la kuimarisha huduma za chanjo lisingeweza kupata kitu kama hicho. Ilihitajika siku inayotajika kwa jina.

Ndiyo maana hata Siku ya Polio Duniani, tarehe 24 Oktoba, iliwekwa kwenye siku ya kuzaliwa kwa Jonas Salk, aliyetengeneza chanjo ya polio, ili watu wakumbuke kwamba chanjo ndiyo kiini cha jambo lote.

#10 Mizani

Dada wa Chanjo, mifano yako ina uzito na naikubali, lakini inanipa hoja mpya. Katika siku hizo, huduma ndiyo iliyokuwa siku yenyewe: mtoto alifika, akapewa matone mdomoni, kazi ikaisha. Hakukuwa na rufaa ya kupotea njiani. Kisukari na presha ni magonjwa ya maisha yote, na siku moja haiwezi kubeba miaka 30 ya dawa.

#11 Msomaji Makini

Sahihisho kwa bandiko namba 9: Jonas Salk alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1914, kwa hiyo tarehe 24 Oktoba si siku yake ya kuzaliwa, ingawa maelezo hayo yameenea sana. Waliozaliwa katika tarehe zilizochaguliwa kweli ni Frederick Banting, mmoja wa wagunduzi wa insulini, kwa kisukari, tarehe 14 Novemba 1891, Karl Landsteiner, aliyegundua makundi ya damu, kwa damu, tarehe 14 Juni 1868, na Baruch Blumberg, aliyegundua virusi vya homa ya ini B, kwa homa ya ini, tarehe 28 Julai 1925. Ya kichaa cha mbwa, tarehe 28 Septemba, ni siku aliyofariki Louis Pasteur, aliyetengeneza chanjo ya ugonjwa huo. Ya kifua kikuu ni siku ambayo Robert Koch alitangaza mjini Berlin, mwaka 1882, kwamba amegundua kijidudu kinachosababisha ugonjwa huo.

#12 Dada wa Chanjo

Asante kwa tarehe, Msomaji Makini. Naona hakuna kinachokupita. Brazil na India zinabaki pale pale.

#13 Nuru ya Asubuhi

Mimi niliugua kifua kikuu na nikapona, na ningependa kusema jambo ambalo halimo kwenye hesabu zenu.

Nilikohoa kwa muda mrefu kabla ya kupima. Nilijua dalili zote, kwa hiyo Mizani anasema kweli kwamba taarifa nilikuwa nazo. Nilichokosa ni ujasiri wa kuonekana naingia kwenye mlango wa kliniki ya kifua. Nilipoanza matibabu ya miezi 6, nilikula kwenye sahani yangu peke yangu, na hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Sahani ilitengwa tu, na mimi nikaelewa. Wiki chache baada ya kuanza dawa sahihi, wagonjwa wengi hawaambukizi tena, lakini sahani yangu iliendelea kutengwa hadi mwisho.

Tarehe 24 Machi iliyofuata niliombwa kusimama na kueleza safari yangu mbele ya watu. Mgeni rasmi alinishika mkono, na ndugu zangu waliokuwepo walimwona akinishika mkono. Kuanzia hapo tulikula pamoja. Sijui mtaandika namba gani kwa jambo hilo. Raoul Follereau alipoanzisha siku ya ukoma mwaka 1954, wagonjwa wa ukoma katika nchi nyingi walikuwa bado wanaishi wametengwa kama wafungwa, na kazi kubwa ya siku ile ilikuwa kuwafanya watu wengine wawasogelee. Mkizipima siku hizi kwa idadi ya waliopimwa peke yake, mtakuwa mmewasahau wagonjwa wenyewe.

#14 Hoja Nzito

Nuru ya Asubuhi, nimesoma bandiko lako mara mbili, na nakushukuru. Sina la kulipinga.

#15 Tone la Damu

Naomba niingie kwa upande wa damu, kwa sababu huko siku ya maadhimisho ina tatizo la kipekee ambalo wengi hawalijui.

Chembe nyekundu za damu huhifadhiwa kwenye jokofu kwa takribani siku 35 hadi 42, kutegemea kihifadhi kilichotumika. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku 5 hadi 7 tu, tena kwenye joto la kawaida huku zikitikiswa mfululizo. Mwanamke anayetoka damu nyingi wakati wa kujifungua, mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu kutokana na malaria na majeruhi wa ajali hawafuati kalenda. Sasa tarehe 14 Juni watu hufurika, tunakusanya chupa nyingi kwa siku chache, majokofu yanajaa, na vitendanishi vya kupimia VVU, homa ya ini na kaswende vinakwisha kwa kasi. Wale wote waliochangia hawawezi kuchangia tena mapema. Katika nchi nyingi mwanamume husubiri takribani miezi 3 na mwanamke miezi 4. Kufikia Agosti majokofu ni meupe, na wachangiaji wetu wapya hatuna namna ya kuwapata, kwa kuwa siku ile tulishughulika zaidi na picha kuliko kuandika namba zao za simu vizuri.

Mchangiaji wa mara moja si lengo letu. Tunamhitaji mtu anayerudi, kwa sababu anayerudi ameshapimwa, anajijua, na damu yake ni salama zaidi. Kwa hiyo siku hizi nikiulizwa tufanye nini tarehe 14 Juni, nasema tuwaite nusu ya watu na kuwapangia wengine tarehe za Julai, Agosti na Septemba papo hapo. Wakubwa hawapendi, kwa sababu idadi ya siku ya kilele inaonekana ndogo kwenye taarifa.

#16 Mchambuzi wa Sera

Nimefuatilia uzi huu kwa makini, na naona wengi mnadhani kwamba walengwa wa siku hizi ni wananchi. Kwa maoni yangu, mlengwa mkuu ni serikali. Azimio la Umoja wa Mataifa namba 61/225 la Desemba 2006, lililoifanya tarehe 14 Novemba kuwa siku ya umoja huo, lilizitaka nchi ziwe na sera za kitaifa za kuzuia na kutibu kisukari. Azimio la Mkutano Mkuu wa Afya Duniani la mwaka 2010 kuhusu homa ya ini liliipa siku ile hadhi rasmi, na papo hapo likautambua ugonjwa ambao kwa miaka mingi haukuwa na fungu wala dawati katika wizara nyingi. Siku ya malaria nayo inatokana na mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Abuja tarehe 25 Aprili 2000, ambapo viongozi waliweka saini kwenye ahadi zenye namba na tarehe za mwisho. Inaporejea kila mwaka, waziri anajua kwamba ataulizwa mbele ya kamera ahadi zimefikia wapi, na wiki mbili kabla ya hapo watendaji wake wanakimbizana kukusanya takwimu ambazo zingekaa kwenye makabati.

#17 Hoja Nzito

Mchambuzi, waziri pia anaweza kutoa hotuba akadhani amemaliza wajibu wake. Hotuba ni rahisi kuliko bajeti. Nimeona ahadi ya mwaka mmoja ikisomwa tena mwaka uliofuata, imebadilishwa kaulimbiu tu.

Tena tusiwasahau wenye biashara. Mwezi wa saratani ya matiti, yaani Oktoba, ulianzishwa Marekani mwaka 1985 na American Cancer Society kwa kushirikiana na kitengo cha dawa cha kampuni ya Imperial Chemical Industries, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitengeneza tamoxifen, dawa ya saratani hiyo hiyo. Tamoxifen imeokoa wanawake wengi, na hilo sibishani nalo. Lakini mwenye bidhaa anapochagua ujumbe, ujumbe utaegemea kwenye kupima na kutibu, na utanyamaza kuhusu visababishi ambavyo havina cha kuuzwa.

Na kupima kwingi si lazima kuwe heri. Korea Kusini ilipopanua uchunguzi wa saratani kuanzia mwaka 1999, watu wengi walichunguzwa na tezi dundumio pia, ile tezi ya shingoni. Kufikia mwaka 2011 saratani ya tezi hiyo ilikuwa ikigunduliwa mara 15 zaidi ya mwaka 1993, lakini vifo vilibaki vilevile. Maelfu walikatwa tezi kwa uvimbe ambao usingewadhuru maishani, na sasa wengi wao wanameza homoni kila siku.

#18 Muuguzi Mstaafu

Mwanangu Hoja Nzito, mfano wa Korea ni wa kweli, ila usiwatishe wanawake wanaosoma hapa. Kuwachunguza watu wasio na dalili yoyote ni jambo moja, na kumhimiza mwenye uvimbe aje mapema ni jambo jingine. Mwanamke aliyegusa uvimbe kwenye titi, au anayeona chuchu imezama ndani au ngozi imebadilika, asisubiri Oktoba. Nimewafunga bandeji wanawake waliokuja wakati kidonda kimeshatoboka na kutoa harufu, na kila mmoja wao alikuwa ameuficha uvimbe kwa miezi mingi. Kwao tatizo halikuwa kupimwa kupita kiasi.

#19 Sauti Pole

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji, lakini naomba kuuliza. Tarehe 28 Septemba ni ya kichaa cha mbwa na tarehe 29 ni ya moyo. Je, wingi huu hauzifanyi siku zinyang'anyane masikio ya watu hao hao? Nasema hivi kwa sababu ujumbe wa kichaa cha mbwa ni ule ambao kila mtu anapaswa kuubeba kichwani: ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda ukapate chanjo siku hiyo hiyo, kwa sababu dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Nina hakika nusu ya watu ninaowafahamu hawajui habari ya sabuni. Kwa ugonjwa kama huo, dai la mleta mada kwamba watu wana taarifa tayari halisimami.

#20 Mizani

Sauti Pole, hapo umenibana vizuri. Nakubali kwamba yapo magonjwa ambayo taarifa yenyewe bado haijafika, na kichaa cha mbwa ni mojawapo. Kwa tumbaku na kisukari bado nashikilia msimamo wangu.

#21 Mwana wa Pili

Naomba nirudi kwenye kikaratasi, kwa sababu ndicho kilichonileta hapa. Mama Muuguzi, kama mimi ningekuwa mwandaaji wa maadhimisho yajayo, kikaratasi kile kiandikwe nini ili kituo kisikikatae?

#22 Muuguzi Mstaafu

Kwanza, kituo kinachopokea kijue kabla ya siku yenyewe. Bila hivyo chochote utakachoandika ni bure. Kikaratasi kiwe na jina la kituo, siku na saa ya kufika, namba iliyosomwa pamoja na saa ya kupimwa na iwapo mtu alikuwa amekula, maana sukari ya aliyekula na ya aliyefunga hazisomwi sawa. Kiwe na jina la mhudumu atakayempokea. Nakala ya pili ibaki kwa mpimaji, na baada ya wiki moja mtu apitie nakala hizo na kuwapigia simu ambao hawakufika. Tuliwahi kufanya hivyo na mkuu wangu wa kazi mara moja, na watu waliopigiwa simu walishangaa kwamba kuna mtu anawakumbuka. Wengi walikuja wiki hiyo hiyo.

#23 Hoja Nzito

Na fedha za kumlipa mpiga simu zilitoka wapi?

#24 Muuguzi Mstaafu

Tulipunguza fulana.

#25 Tone la Damu

Mama, naomba ruhusa ya kulichukua hilo la fulana kwenye kikao chetu cha maandalizi. Mpiga simu mmoja kwa wiki 2 angeniletea wachangiaji wa Agosti.

#26 Mpenda Takwimu

Mama Muuguzi, je, zile nakala za pili bado zipo mahali? Mtu yeyote humu mwenye daftari la rufaa kutoka kwenye maadhimisho yoyote, awe wa presha, sukari au VVU, naomba anieleze wangapi walipewa rufaa na wangapi walifika, bila kutaja majina ya watu wala kituo. Hata daftari la kituo kimoja litatusogeza mbele. Pamoja na hilo, namwomba Mchambuzi wa Sera atuonyeshe fungu la bajeti lililoongezeka baada ya siku fulani na ambalo lisingeongezeka bila siku hiyo, kwa sababu hoja yake ndiyo ngumu kuliko zote kuipima, na sijaona mtu humu aliyeijibu.